Kumpiga Picha Nguva Bila Kumwamsha

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, kaka na dada: asanteni kwa nafasi. Tumeombwa tuzungumzie nguva wa Florida, hasa namna ya kuelea karibu naye na kumpiga picha katika chemchemi za Crystal River. Wengi wenu mnaishi Marekani, likizo yenu ni fupi, na baadhi mmeshalipia boti. Basi tutasema yale mtakayoyahitaji mkifika majini.

Neno letu kubwa ni moja: picha nzuri ya nguva hupatikana kwa mtu aliyetulia. Mbio za majini humpa mpigaji picha mkia unaotoweka kwenye tope, basi. Ndiyo maana mavazi, kamera, saa ya kutoka na hata namna ya kupumua, vyote tunavipima kwa swali hili: vinanisaidia kutulia, au vinanilazimisha kuhangaika?

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana asiyemjua hawezi kuelewa masharti yake. Nguva huyu, ambaye Wamarekani humwita manatee, akikomaa hufika urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 450 hadi 550, na wapo wanaozidi hapo. Mkia wake ni wa duara kama kafi, tofauti na nguva wa pwani yetu mwenye mkia uliogawanyika pande mbili. Ukimwona alivyo mnene utadhani ana mafuta tele ya kumkinga na baridi. Sivyo. Mafuta chini ya ngozi yake ni machache, na mwili wake huchoma chakula polepole mno kwa mnyama wa ukubwa ule. Maji yakikaa chini ya nyuzi 20 za Selsiasi kwa siku kadhaa anaanza kuugua: ngozi ya puani na mapezini hutoka mabaka meupe, anaacha kula, utumbo unagoma, na asipopata joto anakufa.

Sasa, bahari ya Ghuba ya Meksiko ikipoa mwezi Desemba na Januari, mamia yao huingia Kings Bay, ghuba ndogo iliyo kwenye mji wa Crystal River. Chini ya ghuba hiyo kuna chemchemi zaidi ya 70, na maji yake huwa nyuzi 22 hadi 23 mwaka mzima. Yanatoka kwenye tabaka kubwa la mawe ya chokaa lililo chini ya Florida. Yamekaa ardhini muda mrefu hata yakashika joto la ardhi, na yamechujwa hata yakawa maangavu. Hapo ndipo nguva analala, na hapo ndipo na sisi tunaenda na kamera.

Nguva aliyelala kwenye sakafu ya chemchemi hayuko matembezini. Anatunza nguvu zake. Ukimwamsha akatoka, anaacha maji ya nyuzi 22 na kuingia kwenye maji yaliyopoa, na nguvu alizotumia hazirudi upesi, kwa kuwa chakula chake ni majani ya majini, na kila siku anahitaji kiasi cha asilimia 4 hadi 9 ya uzito wake. Mwaka 2021 Florida ilipoteza nguva zaidi ya 1,100. Upande wa Atlantiki, njaa ndiyo iliyokuwa sababu kubwa, baada ya majani ya Indian River Lagoon kutoweka kwa miaka mingi ya maji machafu na mwani uliozuia mwanga. Crystal River hali ni afadhali, na majani yamepandwa upya kwenye sehemu kubwa za ghuba. Lakini mnyama ni yuleyule, na akiba yake ya nguvu ni ndogo vilevile.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: mwili wake wote una nywele chache chache zilizosambaa, kila moja na neva zake, nazo huhisi maji yakisogea. Macho yake si makali. Teke lako analihisi ukiwa bado hujamfikia. Kwa hiyo anayesema "nilimkaribia taratibu" huku miguu inapiga maji, nguva alishamsikia zamani.

Sheria nayo isikupite pembeni. Nguva analindwa na sheria ya Marekani ya mamalia wa baharini ya 1972, ile ya viumbe walio hatarini ya 1973, na sheria ya jimbo la Florida ya 1978. Mwaka 2017 alihamishwa kutoka kundi la walio hatarini kutoweka kwenda kundi la wanaotishiwa, ila ulinzi haukulegea. Faini ya serikali kuu inafika dola 50,000 na kifungo hadi mwaka 1. Usimfukuze, usimzingire, usimpande, usimsukume, usimlishe wala kumpa maji ya kunywa. Usiingie kati ya mama na mtoto, na usimguse aliyelala au anayekula. Ushauri wetu ni mkali kuliko hapo: usimguse kabisa, hata akija yeye. Kunja mikono kifuani, kamera katikati, mwache akuchunguze, ataondoka mwenyewe.

Msimu unaosimamiwa huanza tarehe 15 Novemba na kwisha tarehe 31 Machi. Katika muda huo baadhi ya sehemu za ghuba huzungushiwa kamba na maboya, na hakuna mtu wala chombo kinachoruhusiwa kuvuka. Nguva wenyewe wanazijua sehemu hizo, wanalala ndani yake. Kaa nje ya kamba na usubiri. Wanatoka kwenda kula na kurudi, na wanapita palepale ulipo. Three Sisters Springs, ile chemchemi maarufu ya maji ya buluu, unaingia kwa kuogelea tu kupitia mfereji wake mfupi. Kayaki haziruhusiwi ndani kipindi hicho, na ile njia ya mbao ya nchi kavu ni ya kutazamia, si ya kuingilia majini. Mabonde yake mawili kati ya matatu hufungwa kwa waogeleaji msimu mzima, na siku za baridi kali wakijaa mno, hufungwa chemchemi nzima. Ikitokea hivyo msinung'unike kwa mwongoza boti. Nendeni kwenye njia ya mbao mkapige picha kutoka juu, maana siku hizo ndizo zenye nguva wengi kupita zote.

Wengine huchanganya na Blue Spring, mbuga ya jimbo karibu na mji wa Orange City. Pale nguva hukusanyika kwa mamia wakati wa baridi, ila wakiwapo huruhusiwi kuingia majini. Ni mahali pa kutazama ukiwa umesimama juu ya mbao, na ni mahali pazuri sana kwa wazee na watoto wadogo. Ukitaka kuelea nao, ni Crystal River, kiasi cha saa moja na nusu kwa gari kutoka Tampa.

Tukija kwenye mavazi: maji ya nyuzi 22 ni moto kwa nguva, kwako si moto. Utaingia ukiona raha, na ndani ya nusu saa utaanza kutetemeka. Anayetetemeka hawezi kushika kamera ikatulia. Vaa suti ya neoprini, ule mpira laini wa wapiga mbizi, yenye unene wa milimita 3 kwa uchache. Milimita 5 ndiyo tunayoipenda, na kofia yake. Neoprini inakusaidia mara mbili, kwa sababu inaelea. Usifunge mkanda wa vipande vya madini ya risasi, ule wa kumzamisha mpiga mbizi. Hutaki kuzama, na kuzamia nguva kutoka juu ni kosa. Mapezi ya miguuni acha kwenye boti. Yanatifua tope jepesi la sakafuni, na tope hilo likishapanda litachukua dakika nyingi kutulia, huku kila mtu aliye nyuma yako amepoteza mwanga.

Chukua ile fimbo ndefu ya povu wanayochezea watoto kwenye bwawa. Ipitishe kifuani chini ya makwapa, lala kifudifudi, na acha miguu ielee yenyewe ndani ya neoprini. Anayening'iniza miguu ndiye anayekanyaga sakafu, na wakati mwingine kilichopo sakafuni ni nguva. Tunajua wapo hapa wasiojua kuogelea vizuri. Fimbo hiyo pamoja na neoprini vinakubeba bila wewe kufanya kazi yoyote. Mwambie mwongozaji mapema, si aibu, atakaa upande wako. Ukishikwa na woga, geuka chali huku umekumbatia povu; usisimame.

Miwani ya majini ijaribu dukani bila mkanda: ibandike usoni, vuta pumzi kwa pua, uachie mikono. Ikidondoka si saizi yako. Wenye ndevu wapake vaseline kidogo juu ya mdomo. Wenye rasta au misuko mikubwa wahakikishe hakuna unywele uliopita chini ya mpira, maana hata mmoja unaingiza maji. Dada wanaositiri nywele, kofia ya neoprini inafanya kazi zote mbili, ila vaeni miwani kwanza igusane na ngozi, kisha ukingo wa kofia uje juu yake. Ukungu unazuiwa kwa tone la shampuu ya watoto: paka ndani ya kioo, suuza mara moja kwa haraka, vaa. Na mrija wa kupumulia usipulizwe kwa nguvu karibu na mnyama. Ile sauti ya kutoa maji kwa kishindo inamshtua. Inua kichwa, mimina maji, rudi.

Toka mapema. Boti nyingi zinaondoka alfajiri, na mwongozaji mzuri atawaonyesha kwanza video ya adabu za majini kabla hamjagusa maji. Asubuhi nguva wengi bado wamelala na watu ni wachache. Mwanga mzuri kwa picha, hata hivyo, unakuja jua likishapanda juu ya miti, kwa hiyo saa ya kwanza iwe ya kuzoea maji na kuangalia wako wapi, siyo ya kufyatua ovyo. Uliza pia habari ya maji kujaa na kupwa. Maji yakijaa siku ya baridi, nguva huweza kupita kwenye mifereji mifupi na kuingia chemchemini. Yakipwa sana njia inakuwa ya kina kifupi, na wewe usizibe mfereji. Kaa ukingoni mwa kulia, acha katikati wazi.

Sasa kamera. Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa makosa mengi huanzia kwenye lenzi.

Nguva ana mita 3. Ukikaa mita 2 kutoka kwake na lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili (full frame), upana unaoingia kwenye picha ni kama mita 1.4: utapata bega na jicho. Kwa lenzi ya milimita 16 nyuma ya kioo cha kuba, yaani kioo cha mbele cha kasha la kuzuia maji kilichobinuka kama nusu mpira, upana unakuwa mita 4.5, na mnyama mzima anaingia na nafasi inabaki. Lakini weka lenzi ileile nyuma ya kioo bapa, maji yanapinda miale na upana unashuka hadi mita 2.7. Mkia umekatwa. Ndiyo maana watu wananunua lenzi pana kwa bei kubwa, kisha wanashangaa picha zao ni finyu. Kuba ndiyo inayorudisha upana.

Kuba nayo ina tabia yake. Inatengeneza taswira ya karibu, kwa hiyo kwa kuba ya nusu kipenyo cha sentimita 10, kitu kilicho mbali kabisa kamera inakiona kama kiko sentimita 30 mbele ya kioo. Lenzi isiyoweza kufokasi umbali huo itatoa picha zenye utando siku nzima, na utalaumu maji. Pembe za picha pia hulegea tundu la lenzi likiwa wazi sana, kwa hiyo libane, anza na f/8. Kasi ya shata 1/200 inatosha kwa nguva anayepanda kuvuta hewa. Kwa aliyelala 1/125 yatosha. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iwe 400 jua likiwa limetoka, 800 hadi 1600 kukiwa na mawingu au chini ya miti. Piga faili ghafi (RAW). Mchanga mweupe wa chemchemi huidanganya kamera, ikadhani kuna mwanga mwingi mno na ikamfanya nguva kuwa jiwe jeusi. Angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, giza kushoto na weupe kulia: mchanga ukae kulia bila kugonga ukingo. Mawimbi madogo yakichora mistari ya jua mgongoni mwake, shusha mwanga wa picha kidogo ili mistari hiyo isiwe nyeupe tupu.

Flashi iache. Karibu na uso wa maji mwanga wa jua unatosha, flashi inamulika kila chembe ya tope iliyo mbele ya lenzi, na mnyama hana haja nayo. Rangi nyekundu hupotea kadiri mwanga unavyosafiri majini, na safari hiyo inahesabiwa kutoka juu hadi kwa nguva kisha kutoka kwake hadi kwako. Kukaa karibu na uso na kusubiri aje kunakurudishia rangi kuliko kifaa chochote. Pima weupe (white balance), yaani ionyeshe kamera nyeupe ni ipi, kwa mchanga wa palepale kabla ya kuanza.

Wenye kamera ndogo za michezo: zimeni milio na taa nyekundu inayopepesa, wekeni weupe usiobadilika wa kama kelvini 5500, na shikeni kwa mikono miwili kwenye kishikio kifupi. Ule mti mrefu wa kujipigia picha ni fimbo tu mbele ya pua ya mnyama. Wenye simu kwenye mfuko wa plastiki wajue kioo hakisikii kidole kikiwa chini ya maji. Tumieni kitufe cha sauti.

Namna ya kupiga: picha kutoka juu kwenda chini ni mgongo wa kijivu juu ya mchanga, haina uhai. Wewe baki juu unaelea, lakini shusha kamera kwa urefu wa mkono, ielekeze mlalo, jua liwe nyuma yako. Hutaona kwenye kioo cha kamera, na lenzi pana inakusamehe. Kisha hesabu. Nguva anayetembea huvuta hewa kila dakika 3 hadi 5, aliyelala anaweza kukaa hadi dakika 20. Atapanda wima kidogo, pengine macho nusu yamefumba, pua itafunguka juu ya maji sekunde chache, na chini ya uso wa maji utaona kivuli chake kimegeuzwa kichwa chini. Hiyo ndiyo picha. Akishuka, usimfuate. Atapanda tena palepale.

Mama anayenyonyesha utamtambua kwa mtoto aliyejibana nyuma ya pezi lake; chuchu iko kwapani. Hapo rudi nyuma kwa mikono, polepole, na mkae kimya. Mama na mtoto huitana kwa vilio vyembamba, na ukitulia utavisikia.

Kasha la kuzuia maji linavuja kwa sababu ndogo sana: unywele mmoja, chembe moja ya mchanga, au uzi wa taulo juu ya oringi, ile pete ya mpira inayoziba mlango wa kasha. Itoe oringi kwa kidole au kadi laini, kamwe si kwa kisu. Ifute, ipitishe kati ya vidole ukihisi kama kuna mchubuko, paka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Grisi nyingi hukusanya uchafu. Futa na mfereji wake. Funga kasha usiku, hotelini, mahali pakavu, na kifuko cha silika ndani. Ukilifungua botini kati ya suti zilizolowa na pumzi za watu, umefungia unyevu ndani, na ukungu utakaa kwenye kuba hadi safari iishe. Betri mpya na memori kadi tupu viingie usiku huohuo, usilazimike kufungua tena. Kabla ya safari lizamishe kwenye ndoo nusu saa likiwa tupu, na karatasi kavu ndani. Karatasi ikilowa, umeokoa kamera.

Picha zenu zina kazi nyingine. Nguva wengi wa Florida wana makovu ya panga za injini za boti, na watafiti wa serikali wanawatambua mmoja mmoja kwa makovu hayo na kwa mikato ya mkiani. Ukipata picha ya ubavu mzima na ya mkia, ihifadhi na tarehe na jina la chemchemi. Ukiona mwenye mkanda mkiani unaovuta boya dogo, hicho ni kifaa cha kumfuatilia, usikishike. Anayeelea upande mmoja, au mwenye jeraha bichi, mwambieni mwongozaji au pigeni simu ya tume ya wanyamapori ya Florida, 1-888-404-3922.

Na swali ambalo linakuja kila mara: je, haya yanafaa kwa nguva wa kwetu? Kwa adabu, ndiyo. Kwa mpango wa safari, hapana. Nguva wa Lamu, Kiunga, Rufiji na Mafia ni wa maji ya chumvi, haji kwenye chemchemi, ni mwoga wa vyombo, na wamebaki wachache mno kwa sababu ya nyavu za jarife. Kumtafuta kwa boti ili umpige picha ni kumfukuza kwenye majani yake. Lakini mtu wa Moshi anayetaka kujizoeza kuelea bila kupiga miguu, na kupima weupe kwenye maji maangavu ya chemchemi, Chemka kule Boma Ng'ombe panamfaa kabisa.

Ndoo mbili zina maji pale mezani, na oringi za akiba zipo. Mliokuja na makasha yenu yaleteni sasa yakiwa matupu, tuyazamishe huku tukijibu maswali.